Mzizi wa Kidole: Namna ya Kununua, Kuchimba na Kupanda Dawa za Miti Bila Kuua Mti

Nauza dawa za miti shamba Tandika, jirani na soko, na mwaka huu natimiza miaka 23 palepale. Kazi nimeirithi kwa bibi yangu mzaa mama, Maneromango kule Kisarawe. Nyuma ya nyumba yake, ukishapita mikorosho, kulikuwa na mjafari mmoja mkubwa. Kama hujawahi kuuona mjafari, shina lake lina vinundu vinene vyenye mwiba nchani, na jani lake ukilifikicha linanukia ndimu. Bibi alikuwa anachimba upande mmoja tu, anakata mzizi mmoja au miwili, kisha anafukia shimo na kulikanyagakanyaga kwa mguu. Akirudi mwaka mwingine anakwenda upande wa pili. Mimi nilikuwa mtoto, nilichokuwa nakingoja ni kurudi nyumbani tukale.

Bibi alipofariki mti ulibaki. Miaka mingi baadaye nilikwenda kwenye arobaini ya mjomba, nikapita nyuma ya mikorosho, nikaukuta umesimama mkavu. Umemenywa gome kuanzia magotini mpaka juu ya kichwa changu, mzunguko mzima. Nilikaa chini nikaanza kuhesabu miezi, nikakumbuka kiroba cha magome ya mjafari nilichonunua stendi ya Mbagala kabla ya Ramadhani. Yalikuwa magome mapana, mazuri, ya bei nafuu. Sikuuliza yametoka wapi. Siwezi kuapa kwamba ni ya mti ule, wala siwezi kuapa kwamba siyo.

Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyabadilisha tangu siku ile. Nawaandikia kwanza wauzaji wenzangu, halafu mama au kijana anayekuja kununua fungu la elfu moja kwa matumizi ya nyumbani. Mchimbaji huchimba kile tunachokubali kukipokea, kwa hiyo mambo yanaanzia kwetu.

Kagua mzigo kabla ya kutoa hela

Mzigo ukishushwa usiangalie uzito peke yake. Mwaga chini, chambua.

Kwenye mizizi, chukua vipande kumi uvishike mkononi. Mzizi wa pembeni, ule unaotambaa kutoka kwenye shina, ukikatwa mbali na mti huwa mwembamba, unene wa kidole au kidole gumba. Ukikuta vipande vinene kama kifundo cha mkono, hapo mchimbaji amefika kwenye mzizi mkuu. Halafu tafuta kitako. Kitako ni kile kipande ambacho juu kina gome la shina na chini kina gome la mzizi, rangi mbili kwenye kipande kimoja. Ukikiona hicho, mti mzima umeng'olewa, hakuna maelezo mengine. Mimi mzigo wenye vitako siununui hata nikipewa kwa nusu bei, na wachimbaji wangu wanajua. Mzizi wa kidole naulipa zaidi ya mzizi mnene, na nimewaeleza sababu.

Kwenye magome, panga vipande ubavu kwa ubavu juu ya turubai. Gome la mti uliovunwa kwa huruma huja kwa vipande virefu vyembamba, na kingo zake hazioani. Vikioana, kipande hiki kikiingia kwenye kile kama shati linalofungwa vifungo, basi umetandika mbele yako koti zima la mti. Geuza pia upande wa ndani. Vijiti vyeupe vya mbao vikiwa vimeng'ang'ania gome, panga limezama mpaka kwenye mti wenyewe, na kidonda cha namna hiyo ni shida kupona.

Baada ya hapo uliza: nani kachimba, wapi, lini. Uliza bila ukali, watu hawa wanatafuta riziki kama wewe. Kijana mmoja anayeniletea mzigo kutoka upande wa Mkuranga, mara ya kwanza nilipomuuliza alinijibu, “Shangazi, porini huko, pori lote moja.” Nikamwambia, “Pori lina jina, baba. Ukinitajia kijiji, nakuongezea.” Safari ya pili alinitajia kijiji, na ya tatu akanitajia shamba na mwenye shamba. Sasa hivi yeye mwenyewe ananiambia mti gani ameupumzisha.

Kwa nini mti uliomenywa pande zote hauponi

Wachimbaji wengi wanaamini kuwa mti ukibaki na majani mabichi umepona. Si kweli. Maji yanapanda kutoka mizizini kwa kupitia ndani ya mti, kwenye mbao yenyewe. Lakini chakula kinachopikwa na majani kinashuka kwa kupitia upande wa ndani wa gome. Ukilimenya gome kuuzunguka mti, umekata njia ya chakula. Majani yataendelea kuwa kijani kwa muda, kwa sababu maji bado yanapanda, huku mizizi ikifa njaa chini ya udongo. Mti unakauka baadaye, wakati mchimbaji ameshasahau, halafu watu wanasema ni jua.

Ukimenya ufito mmoja upande mmoja, njia nyingine zinabaki wazi na gome linafunika kidonda taratibu. Hapa Tandika nina mwarobaini karibu na genge langu ambao kila mpita njia aliufanya wake. Ulikuwa na madonda shinani, mengine ya zamani yenye mdomo mnene wa gome jipya linalojikunja kufunika, mengine mabichi yanayotoa gundi. Nilizungumza na mama ntilie anayekaa kivulini pale, tukakubaliana kuwa anayetaka gome aje kwangu, na anayetaka majani achume. Madonda ya zamani yamejifunga karibu yote. Sehemu mbili mbao bado inaonekana, hapo ndipo lilipopita panga.

Namna ya kuchimba na kumenya

Kama unachimba mwenyewe au unamfundisha mtu, fanya hivi. Chagua mti mkubwa, siyo mche. Penye miti mitano ya aina moja, vuna kwa mmoja au miwili, na ule mkubwa kuliko yote wenye mbegu uache. Ondoka kwenye shina hatua moja na nusu, chimba kwa jembe dogo ukienda polepole mpaka ukutane na mzizi unaotambaa. Ufuate kwenda nje, mbali na mti. Kata kwa kisu kikali. Usivute wala kupasua kwa nguvu, maana mzizi uliochanika unaoza kurudi ndani. Chukua mmoja au miwili ya upande huohuo. Rudisha udongo wote, kanyaga kama alivyofanya bibi, tupia majani makavu juu. Funga kitambaa kwenye tawi la upande uliochimba ili mwenzako asirudie palepale. Mimi nahesabu masika mbili kabla mti ule haujaguswa tena, na kama umedhoofika nauacha zaidi.

Kwa gome, menya kwa kushuka, ufito mrefu upande mmoja, usimenye kwa kuzunguka. Anza juu kidogo ya kiuno. Ukiona ule ute wa utelezi chini ya gome, hapo simama, usikwangue. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuvuna mimea ya dawa mwaka 2003, nao unasema hayohayo: mzizi mkuu usikatwe, na gome lisitolewe kwenye mzunguko mzima. Nilipoelezwa hivyo kwenye semina moja nilimkumbuka bibi, ambaye hakusoma hata darasa moja.

Huko milimani, Kilimanjaro na Usambara, kuna mti ambao wataalamu wanauita Prunus africana. Gome lake linanunuliwa sana Ulaya kwa dawa za tezi dume, na miti imemenywa hovyo katika nchi nyingi za Afrika mpaka biashara yake ya kimataifa ikawekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 1995. Kameruni walijiwekea utaratibu wa kugawa shina robo nne na kumenya robo mbili tu zinazotazamana, tena kwa mti mkubwa, kisha kuuacha miaka kadhaa.

Jani kwanza, mzizi mwisho

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye kazi kubwa.

Mwaka 2011 mtakumbuka kikombe cha Babu wa Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kule Samunge. Kikombe shilingi 500, magari foleni ya kilomita na kilomita. Dawa ile ilikuwa mizizi ya mugariga iliyochemshwa. Mpaka huku Tandika wateja walinijia wakitaka mizizi ya mugariga, na walikuwepo waliouza mizizi yoyote ile wakaiita mugariga. Kila kikombe kilikuwa na mzizi uliochimbwa mahali.

Kisha ikaja korona. Mwaka 2020 na 2021 Dar nzima ilipiga nyungu: mwarobaini, mpera, mlimao, mkaratusi, mchaichai. Nilikuwa nauza mafungu ya majani tangu alfajiri mpaka magharibi, na miti ya mitaani ilichumwa ikabaki vijiti. Miezi michache baadaye mvua ikanyesha ikachipua yote. Nenda kaitazame leo. Watu wengi namna ile, miti michache namna ile, na hakuna mwarobaini ninaoufahamu mimi uliokufa kwa nyungu, kwa sababu kilichochumwa ni jani.

Kwa hiyo mteja akija, jiulize kwanza kama jani, ua, tunda au mbegu inaweza kumfaa. Majani ya mjafari watu wa pwani wanayanywa kama chai tangu zamani. Majani ya mlonge yanafaa kuliko kumng'olea mtu mzizi wake. Lakini usibadilishe kwa kubahatisha. Jani na mzizi wa mti mmoja si lazima viwe na nguvu moja, na miti mingine sehemu moja ni dawa na nyingine ni sumu. Mbegu za mturituri, zile nyekundu zenye doa jeusi ambazo watoto wanazipenda, zinaua. Unapokuwa na shaka, uliza mganga mzee anayeutumia mti huo, au nenda Muhimbili kwenye Taasisi ya Tiba Asili, ambayo kazi yake ya utafiti ilianza mwaka 1974. Na mtu mwenye homa simuuzii kitu kabla hajapima malaria. Dawa yangu haikimbii.

Dawa iliyooza ni mti uliouawa bure

Hili halisemwi sana. Dar ina unyevu, na mzizi mbichi uliofungwa kwenye sandarusi unashika ukungu kwa siku chache. Masika moja nilipoteza gunia zima la mizizi ya mkundekunde kwa sababu nililiweka chini sakafuni nyuma ya genge. Nilipolifungua lilitoa vumbi la kijani na harufu ya godoro lililonyeshewa. Nililimwaga jalalani, na mchimbaji akarudi porini kuchimba gunia jingine la kuziba pengo.

Osha mzizi haraka ukitoka shambani, usiuloweke. Ukate vipande vyembamba siku hiyohiyo ukiwa mbichi, maana ukikauka unakuwa kama chuma. Anika juu ya kichanja, kivulini penye upepo, siyo juani kabisa wala juu ya lami. Geuza asubuhi na jioni. Kipande kikivunjika kwa mlio badala ya kupinda, kimekauka. Hifadhi kwenye mfuko wa karatasi au wa nguo, juu ya rafu, andika jina, kijiji na tarehe. Usitwange akiba nzima. Unga unapoteza harufu upesi na mteja akiuona umefifia anakataa. Mimi natwanga mbele ya mteja, kiasi chake tu. Tangu nianze hivyo nanunua mizizi kama nusu ya niliyokuwa nanunua zamani, na sijapoteza mteja.

Jina la mti na kibali cha msitu

Mti mmoja una majina matano kutoka Handeni hadi Rufiji, na jina moja linabeba miti mitatu. Mchimbaji akikosa mti uliomtuma atakuletea mti mwingine unaofanana nao. Kama mti unaoutegemea huna hakika nao, kata kitawi chenye majani na ua au tunda, kilaze katikati ya magazeti, kandamiza kwa tofali, badilisha magazeti kila siku mpaka kikauke. Andika ulipokitoa na lini. Kipeleke Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, idara ya mimea. Wana hifadhi ya mimea iliyokaushwa na wanalinganisha. Mimi nilikwenda na vitawi vitano, na kimoja nilikuwa nakiita jina lisilo lake kwa miaka yote hiyo.

Kuhusu sheria, kwa kifupi. Msitu wa hifadhi wa serikali huingii kuchimba bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Hiyo ni Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Watu wa Chanika na Kisarawe tuelewane hapa: Pugu-Kazimzumbwi sasa ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, na ndani yake kuna mimea isiyoota popote pengine duniani. Usimtume kijana wa watu kule usiku kisha ukamkana akikamatwa. Msitu wa kijiji una serikali ya kijiji, anza kwa mtendaji. Shamba la mtu lina mwenyewe. Ukisafirisha mzigo mkubwa wa mazao ya misitu utaulizwa TP njiani, hati ya kusafirishia. Msandali na shubiri za porini haziruhusiwi kuvuka mpaka wa nchi bila kibali cha CITES, kwa hiyo mgeni anayekuja na dola akitaka magunia ya msandali, muulize karatasi zake kwanza. Na wewe mwenyewe jiandikishe kwenye Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Ukiwa na cheti, unaongea na mtu wa misitu ukiwa umesimama wima.

Kupanda

Huna shamba? Mchaichai, mrehani, kivumbasi, mnanaa na shubiri vinaota kwenye ndoo iliyopasuka, hata upangani. Hakuna sababu ya mtu wa Dar kununua kivumbasi kilichong'olewa porini.

Mlonge chomeka tawi nene kama mkono mwanzo wa masika, au panda mbegu. Mwarobaini panda mbegu mbichi, zilizodondoka siku hizohizo. Zikikaa ndani miezi haziamki. Mkundekunde una maganda marefu kama mpini, ndani mbegu ngumu. Sugua kila mbegu kwa msasa upande mmoja mpaka uone rangi ya ndani ikibadilika, loweka usiku kucha, asubuhi zilizovimba ndizo unazosia. Zisizovimba sugua tena.

Mjafari ndio ulionifundisha subira. Tunda lake likiiva linapasuka na kutoa mbegu nyeusi inayong'aa. Niliokota 30, nikazisia kwenye viriba nyumbani kwangu Chanika, mchanga na mbolea ya ng'ombe iliyokwisha kuoza, kivuli cha makuti juu. Wiki zilipita nikadhani zimekufa. Zikaota nne. Usimwage udongo wa kiriba kwa haraka, na usimwagilie mpaka ukawa matope. Nilihamishia shambani mvua za masika zilipokolea, mashimo nilishayachimba mwezi mmoja kabla, nikaweka miiba pembeni. Mmoja ulikuwa na miiba michache, mbuzi wa jirani akaumaliza.

Mitatu imebaki, na mkubwa umenifika kifuani. Jambo moja sikulijua mwanzoni: mijafari ina dume na jike, na dume halizai. Penye jike moja lililobaki, ukilimenya hilo umemaliza mbegu za eneo zima, na penye jike bila dume jirani ni hivyohivyo. Yangu bado haijatoa ua, kwa hiyo sijui ni ipi ni ipi. Ukipanda mmoja umecheza bahati nasibu. Panda mitano, sita, umbali wa hatua nne au tano, ili upate nafasi nzuri ya kuwa na dume na jike. Msimu huu nimesia mbegu 40 nyingine. Zitakazoota nusu zinabaki Chanika, na nusu napanda nazo basi la Maneromango, kwenye ndoo, nikazipande kule nyuma ya mikorosho.